Ugali wa Alfajiri

Linah, karani wa parokia, alifunga daftari lake hata kabla Nanzala hajamaliza kuomba siku ya kumwalika padri.

"Haiwezekani, Mama Tyson. Father Simeon anastaafu Jumapili. Kwaya wana lunch, wazee wana supper, akina mama wana chai ya saa nne na ya saa kumi. Wiki yote imejaa."

Nanzala hakuondoka. Hakuwa na mbuzi wala sofa ya kumpa padri kama wengine. Alitaka tu padri ale kwake, mara moja, aone alichowafanyia.

Maana miaka tisa iliyopita, nyumba yao ya mtaa wa Pioneer ilikuwa nyumba kwa jina tu. Mumewe, Mulongo, alilinda godauni usiku. Nanzala alidamka kwenda Soy kununua mboga za kuuza. Walipishana mlangoni, na kila walipopishana waligombana. Watoto walikula wamesimama. Siku moja Father Simeon akaja kubariki nyumba. Alinyunyiza maji kila pembe, kisha akauliza kama anayeulizia bei ya nyanya, "Nyinyi mnakula pamoja saa ngapi?" Watoto wakawatazama wazazi wao. "Tafuteni saa yenu. Hata ikiwa ya ajabu."

Wakaipata: saa kumi na moja alfajiri, Mulongo akishatoka lindo na Nanzala kabla hajaondoka. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani husonga ugali saa hizo? Waacheni wacheke. Ugomvi uliishia mezani pale, kwa sababu ni kazi ngumu kumnunia mtu mnayemega naye ugali mmoja.

"Lakini Linah," Nanzala akasema, "sisi hukula saa kumi na moja asubuhi. Hata hiyo saa kwaya wamechukua?"

Linah akafungua daftari, akaangua kicheko. "Hapo hakuna mtu, Mama. Hapo ni wewe pekee."

Alhamisi, Tyson, kifungua mimba wao, akamleta padri kwa bodaboda yake, amejifunika koti zito, maana baridi ya Eldoret haijui padri wala nani. Dadake Joy akamnawisha mikono. Mulongo, bado na sare ya kazi, akamwekea firigisi, heshima ya mgeni mkubwa. Nanzala alikuwa amepanga hotuba ndefu. Yote ikamtoroka.

"Asante, Father," akasema. "Ungenyamaza siku ile, hii meza haingekuwa na watu."

Padri akamega tonge, akalifinyanga kiganjani, asilile.

"Miaka thelathini na nane nawaambia watu wakule pamoja," akasema. "Halafu narudi kwangu, nakula na redio."

Nanzala aliona huruma, na aibu pia. Parokia nzima ilimpa padri kila kitu, na hakuna aliyewahi kumuuliza anakula na nani.

"Hiyo nyumba ya mapadri wastaafu unayohamia iko wapi?" Mulongo akauliza.

"Hapo tu, upande wa Chepkoilel."

"Hiyo si mbali kwa nduthi yangu," Tyson akasema. "Saa kumi na nusu nitakuwa gate, Father. Kila siku, kuanzia Jumatatu."

Padri akamtazama Nanzala, macho yamemlowa, kama anayeomba ruhusa. Nanzala akakata kipande kingine cha ugali, akakiweka kwenye sahani ya padri.

"Lakini nakuambia mapema, Father," akasema. "Kuku ni ya leo tu. Jumatatu ni omena."