Watatu Humwita wa Nne

Kila siku saa tano asubuhi, Zaruhi aliweka kisufuria cha mpini mrefu juu ya jiko la umeme lililokuwa chini ya ubao, na idara nzima ya fizikia ya nadharia ikaacha kazi kutazama kahawa ikipanda. Jiko lilikuwa la enzi za Wasovieti na lilijua joto moja tu. Zaruhi alikuwa katibu wa idara tangu nusu ya watafiti wake hawajazaliwa, na alikuwa na sharti lake: mtu asitaje hesabu mpaka povu lipande. Asubuhi moja ya Machi, Arpine Zohrabyan aliingia akiwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, akasimama kando ya jiko, akangoja povu, ndipo akasema kwamba vipande vyote vya hesabu yake vimefutana.

Hakuna aliyepiga kelele. Idara ile hushangilia kwa kunyamaza, halafu mtu anaomba sukari. Lakini wote walielewa. Kila uga wa nguvu una namba yake ya mzunguko wa ndani, iitwayo spini: mwanga una moja, uvutano una mbili, na hapo maumbile yakaishia, au yakaamua kukaa kimya. Wapo watu wachache duniani, katika miji yenye kahawa kali na mishahara midogo, wanaojiuliza habari za nyuga za spini tatu na kuendelea. Nyuga hizo hukubali kuwepo mradi zisigusane. Ukiulazimisha uga wa tatu uguse mwingine, huuita wa nne. Wa nne nao huuita wa tano. Na haupo wa kuufunga mlango. Kwa sababu hiyo wenye busara husema ziachwe zilivyo. Arpine hakuwa na busara ya aina hiyo. Alizigusanisha na mlango ukiwa wazi, na hesabu ikasimama kwa miguu yake.

Alikuwa na sababu ya kufurahi kuliko wenzake. Mkataba wake ulikuwa unaisha Septemba, na idara ilikuwa na nafasi moja tu ya kudumu, iliyoachwa na mzee aliyestaafu akaondoka na kiti chake. Baraza la taasisi lingeitoa kabla ya likizo ya kiangazi kwa mwenye kazi inayostahili. Bila nafasi hiyo ingembidi Arpine aondoke Yerevan kama walivyoondoka wote aliosoma nao, na mama yake, Shoghik, alikuwa na magoti yaliyokwisha kukataa ngazi. Huwezi kumpeleka ughaibuni mtu asiyefika mlango wa jengo lake. Kwa hiyo kazi hii ndiyo ilikuwa nyumba, mama na kesho yake, vyote katika kurasa chache.

“Arpine jan, nikubebee uchungu wako,” alisema Hrachya Avagyan, mkuu wa idara, akipokea kurasa zile kwa mikono miwili. Kwetu “jan”, yaani mpendwa, na maneno hayo ya uchungu huambiwa kila mtu, hata dereva wa teksi aliyekupotezea njia. Avagyan hakuwahi kuonekana amebeba uchungu wa mtu, ingawa vitu vingine alivibeba vizuri sana.

Alizipekua kurasa, akauliza kama Arpine anakumbuka siku aliyomwambia aichunguze alama ya kutoa katika ukurasa wa pili. Arpine alikumbuka. Aliichunguza, na ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini jina la mkuu wa idara huingia katika kazi ya idara kama chumvi kwenye mboga, hakuna anayeuliza imefuata nini. Arpine akaliandika. Katika fani yao majina hupangwa kwa alfabeti, ili asionewe mtu. Ni desturi nzuri, na bila shaka aliyeitunga jina lake halikuanza na Z. Avagyan akawa wa kwanza, Zohrabyan akawa wa pili, na hakuna kilichotokea.

Wiki iliyofuata Avagyan alimwita, akamwambia kwamba naibu mkurugenzi, Bwana Aramyan, naye aingizwe. Ofisi yake ndiyo iliyotia joto kwenye mabomba msimu mzima wa baridi, na je, bila joto Arpine angehesabu kwa vidole gani?

“Bwana Avagyan, tuishie wawili,” alisema Arpine. “Wawili hawana shida. Balaa linaanza na wa tatu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha.”

“Hizo ni nyuga, mwanangu. Hawa ni watu.”

Arpine akaliandika jina la tatu, na wa nne akaja. Saa tano kamili, wakati wa kahawa, alikuwa amekaa chini ya dirisha kwenye kiti chenye mguu uliovunjika, na kiti hakikulia. Alivaa koti la kijivu. Alikuwa na kitambulisho cha taasisi kilichobandikwa picha na kupigwa muhuri, kikisema anaitwa Abajyan. Hakuna aliyemwalika wala aliyemwona akipita getini, lakini getini kwenyewe kuna mlinzi anayesoma gazeti, kwa hiyo hilo halikuwa jambo. Zaruhi alimmiminia kikombe. Mtu mmoja akamuuliza, kwa adabu tu, anashughulika na nini siku hizi.

“Kwa ujumla ni kazi nzuri,” alijibu Abajyan, akitazama meza ya Arpine.

Arpine alipofungua kompyuta alilikuta jina la Abajyan limeshaingia mahali pake, juu kabisa. Akalifuta. Jina likarudi, na kesho yake mwenyewe akarudi na mwenzake. Kila aliyefutwa alirudi na mwingine, kwa hiyo Arpine akaacha kufuta. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa mbaya kuliko ya kawaida, kwa sababu haikuwa na mshangao ndani yake. Alilijua jambo hili hatua kwa hatua. Alilithibitisha yeye mwenyewe, kwa chaki, ukutani.

Mpaka kufikia mwisho wa Aprili hawakuhesabika tena. Chumba hakikujaa, maana hakuna aliyemgusa mwenzake: watatu walikaa kiti kimoja, na mmoja alisimama siku nzima ndani ya kabati la vyombo bila kikombe hata kimoja kulia. Wote walikuwa na majina yanayoanza na A. Kila aliyefuata alikuwa mpole kuliko aliyemtangulia na mgumu zaidi kukamatwa kwa macho. Arpine aliwapelekea ukurasa wa pili mmoja mmoja, akiwaomba wamweleze mstari wowote waupendao, na kila mmoja alimwambia kwamba kwa ujumla ni kazi nzuri. Avagyan alifurahi. Idara haijawahi kuwa na ushirikiano mpana namna hii, alisema, na mkurugenzi akaja mwenyewe kupiga nao picha. Picha ilitoka na Avagyan peke yake, katikati.

Malalamiko ya Zaruhi yalihusu vikombe. Kama wanawake wote wa rika lake, mtu akimaliza kahawa alikipindua kikombe juu ya kisahani, akangoja masimbi, mashapo ya kahawa, yachore, kisha akasoma bahati. Vikombe vya wageni vilirudi vimejaa vilevile. Akavimwaga, akavipindua hivyo hivyo kwa kutimiza wajibu, na ndani vilikuwa vyeupe.

“Hawa hawana bahati mbaya wala nzuri,” alimwambia Arpine. “Haya, lete chako tuone.”

Alikishika kikombe cha Arpine kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Kisha akaenda kukiosha. Arpine hakumuuliza, na Zaruhi alimshukuru kwa hilo.

Baraza lilikaa mwezi wa Juni katika ukumbi wa chini, wenye mapazia ambayo hayajafuliwa tangu uhuru. Waombaji wa nafasi walikuwa wengi, lakini kazi iliyowasilishwa ilikuwa moja. Utaratibu wa baraza ni kwamba kabla ya kura majina ya wote waliofanya kazi husomwa kwa sauti, yote, watu wakiwa wamesimama, ili heshima imfikie kila mwenye haki. Zaruhi alivaa miwani akaanza. Abajyan. Abalyan. Abamelikyan. Arpine alisimama safu ya mwisho akiwa amevaa gauni la bluu alilovaa siku ya kutetea shahada yake.

Wakati wa chakula cha mchana Zaruhi alikuwa bado hajatoka kwenye Ab. Wajumbe waliruhusiwa kukaa, wakaletewa mkate mwembamba wa lavashi, jibini na majani mabichi ya tarkhuni, na usomaji ukaendelea huku wakitafuna. Jua lilipofika kwenye pazia la pili, Arpine alinyoosha mkono.

“Kazi hii niliifanya mimi,” alisema. “Peke yangu. Na hapa hakuna asiyejua.”

“Tunajua,” alisema mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye sauti tulivu aliyekuwa akimenya tango. Hakuna aliyebisha, na Arpine akaona kwamba hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

“Na nani amekukataa, Arpine jan?” alisema Avagyan, akigeuka na kiti chake. “Jina lako lipo. Hatujalifikia tu.”

Mjumbe mmoja, kijana, aliuliza kama usomaji hauwezi kuanzia Z. Akajibiwa kwamba huo ungekuwa upendeleo. Tena, aliongeza mwenyekiti, kabla ya Z kuna A zisizo na mwisho. Ukianzia nyuma utamheshimu mmoja na kuwapuuza wasiohesabika, je, hiyo ni haki? Hawa ni watu wa hesabu. Walilipima neno hilo kwa uaminifu, kila mtu kichwani mwake, wakaliona halina kasoro. Hata Arpine alilitafutia kasoro, akaikosa.

Kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia, ikakubaliwa kwamba kura zipigwe kati ya wale ambao wameshasomwa. Nafasi alipewa Abajyan. Alikuwa wa kwanza, na hakuna mjumbe aliyewahi kukwaruzana naye. Mwenyekiti alikwenda kumpa mkono wa pongezi, mkono ukapita kwenye koti la kijivu mpaka upande wa pili, naye akaurudisha, akaufuta kwa leso, akaketi. Katika muhtasari iliandikwa kwamba uamuzi ulipita bila upinzani.

Kulikuwa na karamu. Avagyan ndiye aliyeongoza kutakiana heri, maana kwetu hakuna anayekunywa konyaki bila mtu kusimama na kusema neno, na Avagyan alikuwa na maneno. Alisimama mara nyingi. Aliinua glasi kwa ajili ya sayansi, akainua kwa ajili ya wazazi wetu waliotangulia, na mwishowe akainua kwa ajili ya mwingiliano, huu ambao wenye mioyo midogo walisema hauwezekani. Wageni wote wa makoti ya kijivu wakainua glasi zao pamoja naye. Hakuna iliyogonga nyingine. Arpine alikunywa ya kwake upesi, akaaga, na Avagyan akambusu kwenye paji la uso, akamwambia amuachie uchungu wote aubebe yeye.

Septemba ilipofika Arpine akarudisha ufunguo wa ofisi. Hakuondoka nchini, magoti ya Shoghik yaliamua hilo. Alianza kuwafundisha watoto wa majirani hesabu za mitihani ya kuingia chuo, mezani jikoni, na baadhi yao hawakuwa wajinga. Usomaji wa majina uliendelea, kwa kuwa hakuna aliyepitisha azimio la kuusimamisha. Kila Ijumaa Zaruhi alimpigia simu kumjulisha walipofika.

“Bado Ab, mwanangu,” alisema. “Lakini kikombe chako nakiosha kila siku.”

Wanafunzi wakishaondoka, Arpine alikuwa akitoa karatasi zake. Alikuwa ameanza hesabu nyingine. Nyuga zilezile, lakini kwa njia ambayo hakuna aliyeipita, na safari hii hakumwambia mtu. Hakuitaja kwa Zaruhi, wala kwa mama yake. Hakutumia kompyuta. Aliandika kwa penseli, na karatasi aliyokosea aliichoma kwenye jiko la gesi, kisha akafungua dirisha ili harufu itoke.

Ikawa jioni moja ya Novemba. Shoghik alikuwa anapika tolma, nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, ameketi kwenye kiti karibu na jiko kwa sababu ya magoti, na redio ilikuwa inasoma hali ya hewa. Mezani, kipande cha mwisho cha hesabu kikafuta kipande kilichobaki. Arpine aliutazama mstari ule mtupu. Furaha ilimjaa mpaka ikamlazimu kushika ukingo wa meza, lakini hakutabasamu wala hakupumua kwa nguvu. Aliweka penseli, akakusanya karatasi, akazisogeza pembeni ili mama yake apate pa kuandalia. Shoghik akaweka sahani mbili. Arpine akaenda kunawa mikono iliyochafuka kwa penseli.

Aliporudi, alimkuta mtu amekaa kwenye kiti cha karibu na bomba la joto. Alivaa koti la kijivu, kofia ameiweka magotini, na alikuwa anazitazama karatasi.

“Kwa ujumla ni kazi nzuri,” alisema.

Shoghik alimtazama, akatazama sufuria, akaona zitatosha. Mgeni ni mgeni. Alijiinua kwa kushikilia ukuta, akafungua kabati, akatoa sahani ya tatu.

Arpine alisimama mlangoni huku maji yakimdondoka mikononi. Kisha akaenda kabatini mwenyewe, akatoa ya nne.