Mama Violeth Akagua Tovuti Yake

Mimi si mtu wa kuingizwa mjini. Nimekaa machimboni Nyarugusu miaka kumi na moja, nimemiliki duara, yaani shimo la dhahabu, pamoja na marehemu mume wangu, na nimewapekua wachimbaji wanapotoka shimoni, hadi ndani ya soksi. Kule nilijifunza jambo moja: mwamba ukianza kutoa, unafunika mdomo wa shimo kwa turubai na unanyamaza. Ukicheka tu kwa sauti, kesho yake rashi imeingia, watu mia tatu wanachimba ubavuni mwako. Kwa hiyo binti yangu Violeth aliponiambia tuikague tovuti ya duka, nilimwangalia machoni kwanza nione ametumwa na nani.

Duka lenyewe liko hapa Ngokolo, Shinyanga. Nauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na pampu za kuvuta maji mashimoni. Tovuti alinitengenezea Deusdedit, mtu wa Chato, mchumba wa Violeth. Aliimaliza mwezi wa tatu. Mpaka mwezi wa tisa hakuna mteja hata mmoja aliyenipigia akisema ameniona Google. Ukitafuta vipuri vya karasha Shinyanga anatokea Masalu, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yeye na zile picha zake mbaya. Na mwezi wa nne nilimwona Deusdedit, kwa macho yangu haya mawili, amekaa kwenye benchi la Masalu anakunywa soda. Soda ya nini? Nikajua kanunuliwa.

Nilimwambia asikanyage tena dukani kwangu. Mshenga wake, mzee Marcel, alipokuja na habari za posa, nilimrudisha kutoka mlangoni bila hata kumpa kiti. Na siku nilipokutana na Deusdedit sokoni, akaniamkia mbele za watu, nilipita kama sikusikia. Najua ni jambo zito kumnyima mtu marahaba. Nilikusudia liwe zito.

Violeth hakugombana na mimi. Alimuuliza Deusdedit mara moja tu kuhusu tovuti, naye akamjibu, "Muulize mama yako." Aliponiletea jibu hilo nikasema umeona kiburi chake. Basi akaanza kujifunza mwenyewe mambo ya tovuti. Jumamosi moja asubuhi akaweka kompyuta juu ya kaunta, akanipa masharti.

"Mama, programu hii itaikagua tovuti yote. Ikionyesha Deus alikuhujumu, sitamtaja tena humu ndani. Isipoonyesha, utampokea mzee Marcel."

Nikakubali haraka, maana nilijua nimeshashinda.

Programu ikataka kwanza jina la mradi. Nikauliza jina la nini, na nani atalisoma. Violeth akaandika Duka la Mama, akaweka anwani ya tovuti. Ikataka sasa tuthibitishe kwamba tovuti ni mali yetu. Hapo nikasimama. Machimboni ukiona mgeni anauliza leseni ina jina la nani, ujue anataka kukupokonya eneo. Violeth akanieleza taratibu kwamba ni kinyume chake, programu inakataa kupekua mali ya mtu bila idhini yake. Tulihitaji neno la siri ili tuingie kwenye tovuti na kuweka alama ya uthibitisho.

Neno la siri lilikuwa kwenye bahasha. Deusdedit aliiacha siku nilipomfukuza, nami sikuifungua, ningejuaje kama hamna dawa ndani? Niliitupa stoo chini ya beringi mbovu. Violeth akaichana, mimi nimerudi nyuma hatua mbili. Ilikuwa karatasi moja yenye mistari miwili, jina la kuingilia na neno la siri. Nikasema mwizi mwenye akili anakuachia ufunguo wa mbele ili usimshuku mlango wa nyuma.

Ikauliza ikague kurasa ngapi. Nikasema zote, hadi ndani ya soksi. Ikauliza kama iwe inarudia kila wiki. Nikasema mara moja inatosha, sitaki mtu wa kuzoea kuingia kwangu. Violeth akabonyeza, tukakaa kusubiri. Nilihudumia wateja wawili huku jicho langu moja liko kwenye kile kioo.

Majibu yalipotoka, Violeth aliyasoma kimya, kisha akayasoma tena. Kurasa sitini na moja, na zote sitini na moja zilikuwa na amri ya kuwakataza Google na wenzake wasizionyeshe. Haikuwa bahati mbaya. Kuna mtu aliingia kwenye mipangilio akaifunga.

Nilipiga kaunta kwa kiganja. Nilisema mimi! Nilisema tangu mwezi wa nne!

"Sawa, mama," Violeth akasema. "Sitamtaja tena." Akaenda uani, nikasikia maji yanamwagika. Alikuwa ananawa uso.

Nikachukua simu. Nilitaka ushahidi wa kumwonyesha mzee Marcel, kwa hiyo nikazifukua meseji za Deusdedit, ambazo nilikuwa nimezizima sauti na kuzificha tangu siku ya ile soda. Nikarudi nyuma mpaka mwezi wa tatu. Kulikuwa na ujumbe wa sauti. Wangu. Nikauweka sikioni.

"Deus, hebu ifunike hiyo tovuti. Fanya kama duara, weka turubai. Asione mtu, Masalu asije akaniiga. Mpaka mzigo wangu ufike na niseme mimi mwenyewe."

Chini yake alikuwa amejibu: "Sawa mama. Ukiwa tayari niambie nifungue." Kisha mwezi wa nne: "Mama, mzigo umefika? Nifungue?" Mwezi wa tano vilevile. Wa saba. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa wiki iliyopita. Mzigo ulifika siku nyingi na mimi nilisahau kabisa, nilikuwa nashughulika na kumchukia. Ile soda ilikuwa soda tu. Na lile "muulize mama yako" halikuwa kiburi, alikataa kunishitaki kwa binti yangu.

Uani maji yaliendelea kumwagika. Kidole changu kilikuwa juu ya neno la kufuta. Ningefuta, hakuna ambaye angejua. Niseme ukweli, nilijionea aibu kuliko nilivyowahi kumwonea mwizi yeyote niliyemkamata shimoni.

Violeth aliporudi nikapandisha sauti ya simu hadi mwisho, nikaiweka juu ya kaunta. Alisikiliza amesimama, maji yanamdondoka kidevuni.

"Irudie," akasema.

Nikairudia. Kisha nikampigia Deusdedit palepale, kabla moyo haujanigeuka. Nilijiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Iliita mara mbili.

"Shikamoo, mama," akasema, kama tulionana jana.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Nimekukosea. Mwambie mzee Marcel aje, kiti chake nimeshakiweka."