Pombe ya Ubatizo

Wiki moja kabla ya mwanangu kubatizwa, hori la mama mkwe wangu, Saimi, lilipasuka. Lilichongwa kwa gogo moja, na humo Saimi alichujia sahti, pombe yake ya kienyeji, tangu alipoolewa. Asubuhi ile alimimina maji moto ya kulipasha, likalia, ufa ukatambaa kutoka ncha hadi ncha. Nayo sufuria ya uji wa kimea ilikuwa tayari, na uji ule ukiachwa upoe unachachuka.

"Twende kwa Tauno," nikamwambia.

"Kwenye lile pipa lake la bati?"

"Au tumwagie ng'ombe?"

Akavaa buti.

Tauno ni jirani yetu. Yeye na Saimi walikuwa wakitupiana maneno juu ya pombe miaka yote, lakini tangu mkewe Helvi afariki, alikuwa hatoki. Alipotuona tukikokota kigari chenye sufuria alisimama mlangoni, akatabasamu kidogo.

"Bibi mkubwa kakubali bati leo."

"Pasha maji, mzee. Maneno baadaye."

Saimi akatandika matawi ya mreteni na majani makavu ndani ya pipa, chini, yawe chujio, tukamimina uji. Togwa la kwanza likatoka zito, jeusi, tamu. Ikabaki kazi ya kusuuza machicha, maana utamu mwingi bado umo, kama nazi baada ya tui la kwanza. Saimi akashika kata, anyunyizie maji moto kidogo kidogo. Tauno akashika ndoo.

"Kwa kata hiyo, mtoto atabatizwa ana ndevu."

"Na kwa ndoo hiyo wageni watakunywa maji."

Pipa lilikuwa la Tauno, basi ikawa ndoo. Akamwaga yote, akakoroga, akasubiri machicha yatulie, kisha akafungua bomba lote. Togwa likatiririka, likadondoka, likakauka. Machicha yalikuwa yamejishindilia chini, yakaziba.

Nilidhani Saimi atamcheka. Akauliza tu, "Siku zote unafungua hivyo?"

Tauno alikuwa akilitazama bomba. "Mimi nilikuwa nakoroga. Bomba lilikuwa la Helvi."

Saimi akaweka kata chini, akakunja mikono ya sweta.

"Basi koroga. Bomba niachie mimi."

Tauno akakoroga tena, taratibu, mpaka chini. Tukangoja. Saimi akalegeza bomba mpaka togwa likatoka jembamba kama uzi, likijaza ndoo bila kukatika. Tauno akavuta kigoda, akakaa karibu naye, wakaanza kubishana kama hamira itiwe jioni au kesho.

Pombe ilitoka nyepesi kuliko kawaida ya Saimi. Siku ya ubatizo Tauno alikuja amenyoa, akampakata mwanangu huku akila mkate wa jibini, na akawa anamwambia kila mgeni aliyeisifu pombe, "Tumepika sisi wawili." Saimi alimsikia kila mara, wala hakumsahihisha.