Saa Tatu Mlangoni

Mzee aliendesha basi miaka yote ya nguvu zake, na pale stendi walimwita Ratiba, maana wenye maduka waliweka saa zao sawa kwa honi yake. Sasa alikuwa kitandani, miguu imevimba, kifua kinakoroma, na kilichomsumbua ni neno moja tu. Siku kitindamimba wake alipokwenda ng'ambo, alikataa kumsindikiza, tena akamtupia mgongoni kwamba akivuka mlango ule asirudi. Neno hilo alitaka kulifuta mwenyewe, mkono wake ukiwa kichwani kwa mwanawe. Kulifuta kwa simu alikataa katakata.

Kijana alipopata tiketi akapiga simu, akapokea mama yake. Kijana alisema ndege ingeondoka kesho yake saa kumi na mbili jioni, safari ya saa kumi na nne, kilomita elfu kumi na mbili. Mama akayafikisha kitandani vilevile. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema kwa elfu kumi na mbili basi lake lingefika limebaki honi tu. Kisha akahesabu kwa vidole: saa kumi na mbili jioni, ongeza kumi na nne, saa mbili asubuhi ndege iko chini, mpe saa moja ya mizigo na barabara.

"Saa tatu atakuwa mlangoni, mama watoto."

Asubuhi ya kumpokea, mzee aliomba anyolewe ndevu. Mama akamvisha shati jeupe, akamwegemeza kwa mito, uso uelekee mlango. Saa tatu ikafika. Kila gari lililopunguza mwendo nje, mzee alinyanyua kidevu. Saa nne ikapita. Mama akasema labda ndege imechelewa; akapiga simu, haikupatikana. Ilipogonga saa tano, mzee akaacha kutazama mlango.

"Gari lisipofika kwa saa yake, ujue halikuondoka," akasema taratibu. "Hakupanda. Na mimi ndiye niliyemkataza."

Mama alimbembeleza weee, lakini mzee alishageukia ukutani. Adhuhuri akakata roho.

Alasiri teksi ikasimama nje. Kijana akaingia na begi begani, akawaona majirani wamekaa chini kwenye mikeka, akalitupa begi akamkimbilia mama yake. Walipokwisha kulia, mama akamuuliza kwa upole alikwama wapi.

Hakukwama popote, alijibu. Ndege ilitua kwa wakati wake. Akanyoosha mkono wenye saa, ambayo alisahau kuibadilisha. Mishale ilionyesha saa tatu kamili.

"Hii ni ya kule, Mama. Kule sasa hivi ni asubuhi. Ninyi huku mko mbele yetu kwa saa saba."

Mama akaitazama ile saa. Kumbe wakati mzee ananyanyua kidevu, mtoto alikuwa juu angani, anakuja.

"Baba alijua nakuja?"

Lile neno la mzee, kwamba hakupanda, lilimjia Mama mdomoni. Akalimeza, likashuka kama mfupa.

"Alisema saa tatu utakuwa mlangoni," akamwambia, akiifunika ile saa kwa kiganja chake. "Alinyoa na ndevu."