Jina la Twaiba

Siku ya mwisho ya kupiga filamu yake, Yusra alikuwa amebakiwa na tukio moja tu, na ndilo lililobeba filamu nzima. Mama ameketi jikoni, simu inalia, mwanamume asiyemjua anamwambia kwamba binti yake Zuhura, aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, amefariki. Basi. Dakika mbili. Tangu adhuhuri walikuwa wamelirudia mara tisa, na kila mara lilikuwa baya kwa namna yake.

Mwigizaji aliyemtaka, mwanamke wa Mombasa mwenye uzoefu, alikuwa amejitoa wiki mbili kabla ya kazi kuanza kwa kuwa amepata tangazo la sabuni. Yusra hakuwa amewahi kutengeneza filamu hata ya dakika tano. Alihangaika siku mbili, kisha akamwendea Bi Mwanarusi, jirani yao pale Msambweni, ambaye huuza mahamri na mbaazi asubuhi kando ya barabara. Alimchagua kwa uso wake. Na kama angekuwa mkweli, alimchagua pia kwa sababu Bi Mwanarusi alikuwa na binti Saudia kwelikweli. Twaiba alikuwa huko mwaka wa pili, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa zaidi ya wiki mbili.

"Mimi si mwigizaji, mwanangu," Bi Mwanarusi alimwambia siku ile. "Lakini ukiniambia keti nitaketi, ukiniambia simama nitasimama."

Na ndivyo alivyofanya siku zote sita. Kulia tu ndiko kulikomshinda. Mara alicheka, mara alitazama kamera, mara alisema "Innalillahi" kabla sauti ya kwenye simu haijafika kwenye msiba.

"Ana aibu," alisema Garama. Garama alikuwa mpiga picha wao, kijana wa Mackinnon Road anayefanya kazi kwa Sharif wa Ukunda, mtu wa video za harusi. Kamera ilikuwa ya Sharif. Kesho yake kulikuwa na harusi huko Waa, na Sharif alitaka kamera yake kabla ya isha, bila maneno mengine. "Tuna mwanga wa saa moja hivi. Pengine tumpige kwa nyuma, tusioneshe uso."

"Filamu ni uso wake," Yusra alisema.

Akatoka jikoni akaenda uani. Binamu yake Abdulwahab, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameketi kwenye ngazi na simu mkononi. Sauti ya yule mwanamume wa kwenye simu, mtu wa ofisi ya ajira, ilikuwa yake. Alikuwa amekubali kuifanya kwa sababu hakujua kumkatalia Yusra jambo lolote tangu utotoni.

"Mara hii usiseme Zuhura," Yusra alimwambia. "Sema Twaiba."

Abdulwahab alimtazama. "Twaiba gani?"

"Abdu, jua linaondoka."

"Mamake atadhani ni kweli."

"Kwa nusu dakika tu. Nikishapata nitamweleza mwenyewe, hapo hapo."

"Hii si haki, Yusra."

"Nimefanya kazi hii mwaka mzima," Yusra alisema. "Nisaidie mara hii moja."

Akarudi ndani kabla hajajibiwa. Akamtengenezea Bi Mwanarusi mtandio, akamwambia asifikirie chochote, asikilize tu. Simu ikalia. Bi Mwanarusi akaipokea.

Hakupiga yowe. Alisema "Naam?" mara mbili, kwa adabu, kama mtu aliyekosa kusikia bei sokoni. Kisha mkono wake ukatafuta ukingo wa meza ukaukosa, naye akashuka polepole hadi sakafuni, simu ingali sikioni, midomo ikitembea bila sauti. Garama aliinua macho kutoka kwenye kamera akamtazama Yusra. Yusra aliinua kidole: endelea. Aliiacha kamera iende dakika moja na sekunde arobaini. Alijua tangu sekunde ya kumi kwamba amepata alichotaka. Zile nyingine alizichukua tu kwa sababu zilikuwepo.

Kisha Bi Mwanarusi aliinuka akatoka mbio, miguu mitupu, mtandio umebaki chini. Yowe lilikuja alipofika uani kwake.

Yusra alipomfikia, wanawake watatu walikuwa tayari wamemshika, na mmoja alikuwa ameanza kutandika mikeka. "Mama, ni filamu," Yusra alisema. "Ile sauti ni ya Abdulwahab. Hakuna kilichotokea."

"Amesema Twaiba," Bi Mwanarusi alisema. "Amemtaja mwanangu kwa jina."

Wale wanawake wote wakamgeukia Yusra. Baadaye, kila alipolifikiria jambo hili, alirudi hapo. Maneno aliyomwahidi Abdulwahab alikuwa nayo mdomoni.

"Amesema Zuhura, Mama," akajibu. "Ulisikia vibaya."

Abdulwahab alikuwa amesimama mlangoni. Akageuza uso.

Bi Mwanarusi alipiga namba ya Twaiba. Haikupatikana. Akapiga tena. Wakampa maji, wakamsomea dua, na jua lilipokuwa linazama alikuwa ametulia kiasi cha kuona haya mbele za watu. "Ni akili yangu," alisema. "Jina lake limo masikioni mwangu wiki tano hizi. Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

"Hakuna neno, Mama," Yusra alisema. Akautoa ule msamaha kama kwamba ulikuwa wake kuutoa.

Garama alikuwa anafunga kamera kwenye begi. "Hiki kipande nikifute?" aliuliza bila kumtazama.

"Usikiguse."

"Mimi nilidhani utasema 'kata'," Garama alisema. "Nilikuwa nangoja useme." Akawasha pikipiki akaenda zake Ukunda.

Siku ya nne Twaiba alipiga simu. Waajiri wake walikuwa wamesafiri naye Taif, na muda wote huo simu yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Mtaa mzima ulisikia vigelegele. Bi Mwanarusi alimpelekea kila jirani mahamri, na sahani ya Yusra ilikuwa kubwa kuliko zote. Yusra hakuweza kula hata moja. Mama yake alikula matano, akasema mwaka huu Mwanarusi ameongeza iliki.

Alihariri filamu kwa wiki sita. Kwa wiki ya kwanza alijaribu vile vipande tisa vibovu, akijiambia kwamba kimoja kitafaa. Hakuna kilichofaa. Alipoweka kile cha kumi, filamu ilisimama kwa miguu yake. Kila usiku alipokitazama alitafuta ndani yake kitu cha uongo ambacho kingempa sababu ya kukitoa, na hakukiona, kwa kuwa hakikuwemo. Tamasha moja la Nairobi likaikubali filamu. Katika barua yao walilitaja tukio la simu. Waliliita la ujasiri.

Kabla ya Nairobi aliwaonesha watu wa nyumbani, katika ukumbi wa kukodi Ukunda. Walikuja watu kama sitini. Bi Mwanarusi alikuja na buibui jipya, ananukia udi, akawekwa mstari wa mbele. Abdulwahab hakuja. Tangu siku ile alikuwa akimsalimu Yusra kwa mbali, kama mtu anayesalimia mzazi wa mwanafunzi.

Tukio la simu lilipofika, Yusra hakutazama ukuta, alimtazama Bi Mwanarusi. Mwanamke yule alikaa wima, mikono mapajani, akajiona anashuka sakafuni. Hakuficha uso. Taa zilipowashwa watu walipiga makofi wamesimama, na mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma yake akainama akamwuliza, "Mama, kuigiza ulijifunza wapi?"

"Sikujifunza," Bi Mwanarusi alijibu. Kisha akageuka akamtazama Yusra kidogo, bila ukali, akaanza kutafuta viatu vyake.

Asubuhi yake Yusra alingoja wateja wapungue, akaenda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbaazi zimekwisha."

"Sikuja kununua." Alikuwa amepanga maelezo marefu, yenye kamera ya Sharif na mwanga na yule mwigizaji wa sabuni. Yote yakamponyoka. "Hukusikia vibaya siku ile. Abdulwahab alisema Twaiba. Mimi ndiye niliyemwagiza."

Bi Mwanarusi alikuwa anakwangua sufuria kwa kijiko cha chuma. Hakuacha. "Najua," alisema.

Yusra alibaki amesimama.

"Abdulwahab alikuja kesho yake alfajiri, kabla sijawasha moto," Bi Mwanarusi alisema. "Alilia kwenye kiti hicho kilicho mbele yako. Mtu mzima, mwalimu wa watoto. Nikamwambia aende akafundishe, yeye alitumwa. Nikasema, basi Yusra naye atakuja leo. Nikakuwekea kiti." Aliigeuza sufuria akakwangua upande wa pili. "Hukuja. Nikasema atakuja Ijumaa. Twaiba akapiga, nikakuletea mahamri, nikasema sasa hapo atakuja, maana hata mwizi ukimkaribisha chakula huona haya. Ukanirudishia sahani. Umeiosha vizuri."

"Mbona hukuniambia kitu, Mama?"

"Nikwambie nini? Kosa ni lako, nikuletee mimi mlangoni kwako?"

Yusra alitaka kupiga magoti, akaona kwamba hata hilo lingekuwa kumlazimisha. "Na jana ukaja ukumbini."

"Nilitaka kuona kile kipande umekiweka ama umekitoa." Bi Mwanarusi aliweka kijiko chini. "Yale machozi yalikuwa ya mwanangu, Yusra. Sikumlilia ili watu wa Ukunda wapige makofi."

"Nitakitoa."

"Kitoe."

"Na mimi, utanisamehe?"

Bi Mwanarusi alifikiri kwa dhati, kama aliyeulizwa jambo la kweli. "Nitakusamehe, inshallah. Leo nina hasira. Nimekuwa nayo miezi miwili nikiitabasamia, na leo nataka nikae nayo. Nenda nyumbani."

Yusra alikitoa kipande kile siku hiyo hiyo. Hakutafuta kingine cha kuziba. Pale palipokuwa na uso, aliweka mlango wa jiko kwa nje, umefungwa nusu, na sauti ya Abdulwahab ikisema Zuhura, kisha kimya. Garama alipoitazama alisema inaonekana kama kuna kitu kimekosekana. "Kimekosekana," Yusra alisema. Garama akaitikia kwa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamwuliza kama amekula.

Barua ya kwenda kwa watu wa tamasha aliiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilisema ni sababu za kiufundi. Ya tatu ilisema alichokifanya. Walimjibu kwa adabu kwamba filamu iliyobadilishwa si ile waliyoichagua, na kwamba wanamkaribisha alete nyingine mwaka ujao. Alimwonesha mama yake jibu hilo, na mama yake, ambaye bado hakujua habari yote, akasema watu wa Nairobi ni wagumu. Yusra akaketi akamweleza naye. Alimweleza hadi lile neno "ulisikia vibaya". Mama yake aliomba maji ya kunywa, kisha hakuyanywa.

Mwezi wa Shaaban Twaiba alirudi kwa likizo. Yusra alimkuta asubuhi akiwahudumia wateja pamoja na mamake, amenenepa kidogo, mikono ina makovu madogo ya pasi. Alimkumbatia Yusra kwa furaha.

"Naambiwa mama yangu ameigiza kwenye filamu yako," alisema. "Nimemwuliza aliigiza nini, hataki kunambia. Anasema mwulize Yusra."

Bi Mwanarusi alikuwa anageuza mahamri kwenye mafuta. Hakuinua uso.

"Una nafasi?" Yusra aliuliza.

"Ninayo."

Wakaketi kwenye benchi. Yusra alimweleza yote, kuanzia yale aliyomwagiza Abdulwahab kule uani. Katikati ya maelezo tabasamu la Twaiba liliondoka, na hakumsaidia kwa kumkatiza. Yusra alipomaliza, Twaiba alikaa akiutazama mgongo wa mamake.

"Wakati huo nilikuwa Taif," alisema hatimaye. "Kila jioni nilikuwa najiambia, walau nyumbani hawajasikia baya."

Wateja wakaja, wanaume wanne wenye haraka wakitaka mbaazi. Twaiba akainuka akaenda kuwapakulia. Yusra alibaki kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia akae. Wale wanaume walikula wakaondoka, wakaja wengine. Sahani zikawa zinarundikana kwenye beseni, naye akasogea, akakunja mikono ya nguo, akaanza kuziosha.