Mama Hakugusa Sahani

Mama alikubali kuja Homa Bay kwa sharti moja: nisimdai jibu siku hiyo. Alifunga kibanda chake cha ndizi pale Migori, akavaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa Jumapili na sisi ni Wasabato. Gauni hilo nililichukua kuwa dalili njema. Tulipoketi mezani sikuwa na hakika tena.

Magige ana hoteli ndogo karibu na ziwa. Alilelewa na masista wa misheni, na mmoja wao, Mwitaliano wa upande wa Venisi, alimfundisha mapishi ya kwao. Siku za kazi wateja hula samaki na ugali kama kwingine kote. Jumapili hupika vyakula vya sista. Mimi na Magige tunataka kuoana, na kwa kuwa baba alishafariki, neno lilibaki kwa mama.

"Karibu chakula, mama," Magige alisema. Aliweka sahani tatu mezani, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

Mama akainamisha uso.

Magige alidhani anaangalia chakula, akaanza kueleza. "Hii inaitwa polenta. Ni unga wa mahindi."

"Ni ugali."

"Inakaribia ugali. Lakini unakorogwa kwa muda mrefu, unatiwa siagi, unaachwa laini."

"Ugali wa mgonjwa," mama alisema, akiiambia sahani.

"Na hizi ni omena. Nilizikaanga jana, nikazilaza kwenye vitunguu na siki. Huliwa baridi."

"Za jana."

"Zikilala ndiyo zinakolea. Kule Venisi wanatumia dagaa wa baharini."

Mama alinigeukia, akaniuliza kwa Kikisii kama jiko limeharibika.

Nikala ili nimwonyeshe njia. Siki iliniuma ulimi kwanza, kisha utamu wa vitunguu ukaja, na ile polenta ikavituliza vyote. Nilikuwa nimezoea kuonja kidogo kidogo nikiwa jikoni. Siku hiyo nilikula hasa. Magige naye alikula, ila kila kijiko kilipungua kuliko kilichotangulia. Mama hakugusa kitu.

"Nikuletee wali wa njegere? Huo una moto."

"Nimeshiba," mama alisema.

Hakuwa ametia chochote tumboni tangu chai ya asubuhi. Aliinuka, akabeba sahani yake, akaingia mlango wa jikoni bila kuaga.

Magige akaweka kijiko chini. "Amekataa."

"Amechukua sahani."

"Anairudisha, Damaris. Ni adabu yake tu."

Nikamfuata mama. Nilimkuta nyuma, karibu na Nyatichi anayeosha vyombo, ameketi kwenye kigoda na sahani mapajani. Alikuwa akijaribu kufinyanga tonge la polenta, nayo ikimponyoka vidoleni.

"Mama, si umeshiba?"

"Nilishiba kule."

"Chakula si ni kile kile?"

"Na wewe ulilelewa na masista?" Alichota omena, akaitafuna kwanza. "Huyo kijana anakuja kuketi hapo, macho kwa macho. Nitafunguaje mdomo mbele ya mkwe?"

Nyatichi akacheka ndani ya karai.

"Kwa hiyo umekubali," nikasema.

"Tuliagana nini Migori? Usiniulize leo." Akalamba kidole. "Angekuwa mwenye hoteli tu, ningekula pale pale nikamaliza."

Nilirudi kwa Magige nikiyapanga maneno hayo kichwani, na kila nilivyoyapanga yalinipa jibu ambalo nilikatazwa kulidai.

"Anakula," nikamwambia.

"Wapi?"

"Nyuma, na Nyatichi."

"Kwa nini asile hapa? Ni kiti? Ni mimi?"

"Ni wewe."

Uso ulimsawijika. "Mkwe," nikaongeza haraka. "Hawezi kula mbele ya mkwe."

Akainuka aende kumshukuru, nikamshika shati. "Ukiingia, ataacha kula."

Sauti ya mama ikatoka jikoni. "Nyatichi, uliza kama hizo za jana bado ziko."

Magige alichukua bakuli la omena, akatembea hadi mlangoni. Hapo akasita, akageuza uso upande wa ziwa, akaingiza mkono tu.

Bakuli likapokelewa.

"Na chumvi," mama alisema.