Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

Chumvi ilibaki vijiko viwili. Evodia akavitia kwenye ndoo ya maji yaliyochemshwa, akaongeza sukari, akamnywesha jirani yake Paulina kikombe cha sita tangu alfajiri. Paulina akatapika chote.

Tangu mafuriko yazoe vyoo na kuvimwaga kwenye visima vya mchangani, kijiji kizima kilikuwa kinaharisha. Watu thelathini na mmoja, na tisa kati yao wameshazikwa. Evodia, mhudumu wa afya asiye na mshahara ila fulana ya mradi uliokwisha zamani, alikuwa amewaandika wote kwenye daftari la shule. Huyu wa leo, ambaye hakuwa amemwandika bado, alihitaji dripu, na dripu zilikuwa mjini.

"Vumilia, dada. Saa nane nipo hapa."

Bodaboda ikamfikisha Dodoma saa nne. Bwana Respicius wa takwimu, ofisi ya afya, alimpokea kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa unaudhi.

"Mama, kwenye mfumo wa kompyuta kijiji chenu hakina mgonjwa hata mmoja. Dripu zinatoka kwa idadi ya kwenye mfumo."

"Idadi si hii hapa?" Akamsogezea daftari.

Akalipekua. "Tarehe za kuzaliwa?"

"Huyu alizaliwa mwaka wa njaa. Huyu, mwaka ng'ombe walipokufa. Kwetu tunahesabu hivyo. Kadi za watoto zilikwenda na maji."

"Mfumo haujui njaa, mama." Akashusha sauti. "Huwa tunaweka tarehe moja Januari. Mwaka tuweke mmoja, tusichelewe."

"Hata watoto?"

"Hata watoto."

Evodia hakupenda. Kwenye semina walifundishwa wasidanganye hata kidogo. Lakini Paulina alikuwa anakauka kule mkekani, jamani! Akasema haya, weka.

Respicius akaandika mpaka saa sita kasoro, akatuma. Kisha akakuna kichwa.

"Imesoma mgonjwa mmoja."

"Mmoja nani?"

"Majina mfumo unayaficha, ni siri ya mgonjwa. Unaangalia tarehe, kijiji na ugonjwa. Umeona nimerudia mtu yule yule, umewaunganisha. Na mmoja si mlipuko, mama. Hatuwezi kutoa kitu."

"Si urekebishe!"

"Nikishatuma, mpaka kibali kitoke juu. Labda wiki ijayo."

Wiki ijayo! Evodia alitaka kupiga kelele, simu ikaita kabla. Alikuwa Lameck, mume wa Paulina.

"Evodia, usihangaike tena na dripu," akasema, akakata.

Machozi yakamtoka Evodia, hakuyafuta.

"Ongeza mwingine," akasema.

Respicius akaweka vidole kwenye kibodi. "Kazaliwa lini?"

"Sijui. Kafa leo. Andika hiyo."

Akaitazama skrini muda mrefu. "Hiyo haina pa kuandika, mama."

Evodia akavuta daftari lake, akachukua kalamu ya ofisi bila kuomba, akamwandika Paulina.